Ukipewa nafasi ya kuwaambia watengenezaji wa programu za CAD (za kuchorea ramani na mashine kwa kompyuta) warekebishe jambo moja tu, utawaambia nini?

#1 MchoraRamani_T

Wakuu, salaam.

Jana usiku nimepokea faili la milango na madirisha kutoka kwa mwenzangu. Nikauchukua mlango mmoja nikaupachika kwenye ramani ya mteja ambaye alikuwa anapiga simu kila baada ya dakika tano. Mlango wa milimita 900 ukaingia ukiwa na upana wa mita 22.86. Umeivuka nyumba, umeuvuka ukuta wa fensi, umetokezea kwa jirani.

Sababu inajulikana. Mwenzangu kachora kwa milimita, lakini faili lake ndani limeandikwa inchi, kwa hiyo programu ikazidisha kila kitu kwa 25.4 na kunyamaza kimya. Haikuuliza, haikuonya.

Dai langu ni kwamba hawa jamaa hawajawahi kukaa na mchoraji mwenye mteja mlangoni. Kila mwaka toleo jipya, vitufe vipya, rangi mpya, na kero za miaka ishirini ziko palepale. Kwa hiyo kila mmoja aweke pendekezo MOJA. Langu: faili likiingia na vipimo visifanane, programu isimame iulize kwa lugha nyepesi, "Mlango huu utakuwa na upana wa mita 22, ndivyo unavyotaka?"

#2 kiti_cha_mbele

Nimevuta kiti, waje wajuzi.

#3 Binti Zege

Mkuu, kabla hujawalaumu andika INSUNITS (amri inayoonyesha kipimo cha faili) uone namba gani iko pale. 1 ni inchi, 4 ni milimita, 6 ni mita. Ukitaka kurekebisha faili lote bila kupima kila kitu upya, ni -DWGUNITS, usisahau kistari cha mwanzo. Mwenzako alianzia kwenye kiolezo cha Kimarekani, ndiyo chanzo.

Ila nakuunga mkono, ilitakiwa iulize.

Pendekezo langu ni kuhifadhi kazi. AutoCAD ukiiacha ilivyokuja inajihifadhi kila dakika 10. Kwa mtu wa Ulaya dakika 10 ni sawa, huku umeme ukikatika dakika 10 ni kazi ya asubuhi nzima maana mikono imeshashika kasi. Na hilo faili la dharura linajificha kwenye folda ya muda likiwa na kiambishi .sv$ ambacho mtu mpya hawezi kukijua. Kwa nini ukiwasha kompyuta lisikae mezani lijieleze lenyewe?

#4 Kichwa Ngumu

Kwanza niwaulize, humu nani analipia leseni? Nyoosheni mikono nihesabu. Mnawapangia watu kazi na hela yao hamjawahi kuwapa 😂

#5 MchoraRamani_T

@Kichwa Ngumu nilijua tu utakuja na hilo. Ofisi ninayofanyia inalipa. Ya nyumbani usiniulize.

#6 Mzee wa Rotring

Vijana, heshima zenu.

Mimi nilianza na kalamu ya wino, karatasi ya kupitishia mwanga na wembe wa kukwangua makosa. Kwa hiyo sina haraka ya kulalamika. Lakini pendekezo ninalo: watuachie sura ya zamani. Walipoleta ule utepe wa vitufe juu, kwenye toleo la 2009, nilikaa kimya kwa sababu menyu za zamani zilikuwepo bado. Toleo la 2015 wakaifuta kabisa ile sura iliyoitwa Classic. Mtu aliyejua kitu kilipo kwa miaka yote hiyo akaambiwa aanze kukitafuta upya. Faida yake sijaiona.

#7 Binti Zege

Mzee wangu shikamoo. Andika MENUBAR, weka 1. Menyu zinarudi juu.

#8 Mzee wa Rotring

Marahaba binti yangu. Zimerudi kweli! Ubarikiwe. Bado nasema, kwa nini nije niambiwe humu?

#9 Chuma Chakavu

Wote mnaongelea nyumba. Mimi nachora mashine, kukoboa na kusaga, halafu nakwenda kuzichomelea. Natumia FreeCAD kwa sababu ni ya bure na inafungua kwenye laptopu yangu ambayo imeshachoka.

Kero yangu iliniliza. Nilichora fremu, nikachora miguu minne nikaigandisha kwenye uso wa chini wa fremu. Mteja akasema ongeza tundu moja la bolti pembeni. Nikarudi kwenye mchoro wa kwanza, nikaongeza tundu, nikafunga. Miguu miwili ikahamia ubavuni. Mmoja ukageuka alama nyekundu ya kosa. Sijaigusa miguu, nimegusa tundu!

Pendekezo: nikibadilisha kitu cha nyuma, cha mbele kisipotee.

#10 mwanachuo_27

@Chuma Chakavu hilo lina jina lake, ni tatizo la utambulisho wa nyuso na kingo. Programu ukiichorea umbo inazipa nyuso namba: Face1, Face2, mpaka Face6 kwa boksi. Miguu yako iligandishwa kwenye "Face6". Ulipoongeza tundu, uso mpya ukazaliwa, namba zikapangwa upya, na Face6 ya sasa ni upande mwingine. Programu haijui kuwa "uso wa chini" ni uso wa chini, inajua namba tu.

Unatumia toleo gani? FreeCAD 1.0 iliyotoka Novemba 2024 imelipunguza sana hilo. Kazi kubwa ilifanywa na mchangiaji anayejiita realthunder, kwenye tawi lake la pembeni, miaka mingi kabla halijaingizwa kwenye programu rasmi.

#11 Chuma Chakavu

Natumia 0.19. Bando la kupakua kitu kipya mnalilipa nyinyi?

#12 Kichwa Ngumu

Analalamikia programu ya bure ambayo hajaisasisha. Uzi umenoga.

#13 Nondo12

@mwanachuo_27 hujamaliza. Hilo la namba za nyuso linatatuliwa juu, lakini chini kuna injini ya maumbo, yaani sehemu ya programu inayokokotoa maumbo yenyewe, na humo ndimo penye mzizi. FreeCAD inatumia Open CASCADE. Jaribu kulainisha kona tatu zinazokutana kwa nusu kipenyo tofauti uone inavyokataa. Programu za kulipia nyingi zinakodi injini ya Parasolid, ambayo ni mali ya Siemens. Hata SolidWorks, iliyo chini ya Dassault mpinzani wa Siemens, inatumia Parasolid, ilhali hao hao Dassault wanamiliki injini nyingine, ACIS. Kubadilisha injini si jambo la wiki. Mafaili yote ya wateja yamejengwa juu yake.

Kwa hiyo mkiuliza kwa nini mnachoomba hakifanyiki, jibu ni kwamba wanaogopa kugusa msingi. Ukigusa, nyumba ya kila mteja inapata ufa.

#14 MchoraRamani_T

@Nondo12 haya, lakini kuuliza "mlango huu ni mita 22?" kunahusiana vipi na injini ya maumbo? Hicho ni kisanduku cha maandishi na vitufe viwili.

#15 Nondo12

Hapo umenibana. Hicho ni uvivu.

#16 Mwanakijiji wa Kitengela

Habari zenu kutoka Kenya. Yangu ni ndogo. Huku mtu akinunua shamba anaambiwa ni ploti ya hamsini kwa mia, yaani futi, moja ya nane ya eka. Anakuja kwangu na hatimiliki yenye hekta, na seremala wake anapima kwa futi, na kanjo (halmashauri) wanataka mita. Programu inanipa eneo kwa milimita za mraba, namba ndefu kama namba ya simu. Nataka nikibofya ploti inionyeshe vyote kwa mpigo: mita za mraba, hekta, eka, na futi.

#17 Mpima_Mipaka

Karibu jirani. Ila tusahihishane kidogo, 50 kwa 100 si moja ya nane ya eka. Eka moja ni futi za mraba 43,560, gawa kwa nane ni 5,445. Yako ni 5,000. Kwa mita ni 15.24 kwa 30.48, kama mita za mraba 464 na nusu. Wauzaji wanapenda sana kuiita hivyo.

#18 Mwanakijiji wa Kitengela

Haki ya nani, hizo futi 445 zimeenda wapi miaka yote hii?

#19 Kichwa Ngumu

Zimeenda kwenye barabara ambayo haijawahi kuchongwa 😂😂

#20 Mpima_Mipaka

😂 Kwa kweli nyingine ndiko ziliko.

Sasa na mimi niweke langu. Wasanifu mnatutesa na kitu kimoja. Tunawapa faili la upimaji likiwa na majira halisi ya nchi, yaani namba za mahali duniani, kwa mfumo wa UTM kanda ya 37 kusini. Kwa Dar es Salaam namba ya kaskazini ni kama 9,248,000 na ya mashariki kama 530,000, kwa mita. Mnalifungua, mnaona mistari inatetemeka na duara zimekuwa na pembe, mnalisogeza mpaka sifuri-sifuri "ili lichoreke". Mkimaliza mnaturudishia, na nyumba yenu haiko Tanzania tena, iko huko Antaktika, karibu na Ncha ya Kusini.

Pendekezo: programu ijue dunia ipo. Iruhusu mtu achore karibu na sifuri, lakini ikumbuke mahali halisi bila mtu kuhangaika.

#21 mwanachuo_27

Kwa nini mistari inatetemeka lakini? Kompyuta si ina namba kubwa?

#22 Kenchi na Bati

Ni kadi ya picha mbovu. Mimi nilibadilisha madereva ya kadi ikatulia.

#23 Nondo12

Hapana mkuu. Ramani inahifadhiwa kwa namba za biti 64, hizo zinatosha kabisa. Lakini picha inapopelekwa kwenye kadi mara nyingi inageuzwa kuwa biti 32, ambazo zinabeba tarakimu kama saba tu. Ukishavuka 8,388,608 hatua ndogo kabisa inayowezekana ni 1. Kwa hiyo kaskazini ya 9,248,000 kwa mita, kadi haiwezi kutofautisha mita na nusu mita. Ukuta wa tofali la inchi 6 utauonaje hapo? Ndiyo maana inatetemeka. Data iko salama, macho ndiyo yanadanganywa.

#24 Kenchi na Bati

Sasa kwangu mbona ilitulia baada ya kubadilisha madereva?

#25 Nondo12

Labda dereva mpya anasogeza kitovu kabla ya kutuma. Au ulikuwa umeshasogeza ramani ukasahau.

#26 Kenchi na Bati

Sikusogeza.

#27 Mpima_Mipaka

Si kutetemeka tu. Hachi (mistari ya kujazia maeneo) nazo zinagoma kujaa ukiwa mbali na sifuri, mpaka ukabadilishe HPORIGIN, mahali hachi inapoanzia, uweke karibu na kazi. Na Revit (programu ya kuchora majengo) inatoa onyo kabisa kwamba vitu viko mbali mno.

Halafu kuna la pili ambalo watu wanalipita. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zimejengwa juu ya mfumo wa majira wa Arc 1960, simu yako inasoma mfumo mwingine, WGS 84. Tofauti ni karibu mita 300 kwa upande wa kaskazini na kusini. Mtu anakwenda na simu kiwanjani, anakuta bikoni (alama ya mpaka) haipo, anaanza kumtuhumu jirani kaing'oa. Faili la CAD halisemi popote limechorwa kwa mfumo upi. Ningependa lisikubali kuhifadhiwa bila kusema.

#28 Binti Zege

Hilo la kukataa kuhifadhi nalipinga. Umeme unakatika, programu inaniuliza nimetumia mfumo gani wa majira? Nitaivunja skrini.

#29 Mpima_Mipaka

Haya basi, iulize baadaye. Ila iulize.

#30 Bin Shangani

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, kazi naifanya Muscat, kampuni ya michoro ya viwandani na majengo. Huku jedwali la kichwa cha mchoro linakuwa lugha mbili, Kiarabu na Kiingereza. Faili likitoka ofisi moja kwenda nyingine, herufi za Kiarabu zinakuja zimeachana na zimegeuka nyuma mbele, au zinakuja alama za kuuliza tupu. Sababu ni fonti za SHX, yaani herufi za AutoCAD yenyewe. Haziko ndani ya faili, faili linataja jina tu. Ukiwa huna fonti hiyo, programu inabandika nyingine inayoijua yenyewe.

Basi mimi nasema, fonti isafiri na mchoro. PDF inafanya hivyo tangu zamani, DWG, faili la AutoCAD, inashindwa nini?

#31 MchoraRamani_T

Waalaykum salaam. Hilo hata huku, ndugu yangu. Unafungua faili la mtu unakuta jina la mradi ni ????.

#32 Binti Zege

Kuna eTransmit inafunga fonti, picha na xref (michoro mingine iliyounganishwa) kwenye kifurushi kimoja. Shida hakuna anayeitumia, watu wanatuma DWG moja kwa WhatsApp usiku wa manane na ujumbe "icheki hiyo".

#33 Mzee wa Rotring

Na ukiicheki haifunguki, kwa sababu toleo lako ni la zamani kuliko la kwake.

#34 mwanachuo_27

Hapo nina mbinu. Lifungue faili la DWG kwa Notepad, usiogope michoro ya ajabu utakayoiona, angalia herufi sita za mwanzo. AC1032 ni mfumo wa 2018 ambao bado unatumika mpaka matoleo ya karibuni, AC1027 ni wa 2013 hadi 2017, AC1024 ni wa 2010 hadi 2012. Ukijua hilo unamwambia mtu akuhifadhie kwa mfumo gani. Au pakua DWG TrueView, ni ya bure, inashusha toleo.

#35 Mwanakijiji wa Kitengela

Hii nimeiweka. Asante bwana mdogo.

#36 Kichwa Ngumu

Niwape jibu la kwa nini hamsikilizwi. AutoCAD imekuja na Windows miaka ya 90, ikashika soko lote, na mtu aliyeshika soko lote hana haja ya kuuliza mteja anataka nini. Tangu 2016 hawauzi tena leseni ya kudumu, unalipa kila mwaka. Utalipa tu, uboreshaji uwepo usiwepo. Biashara imeisha.

#37 Mzee wa Rotring

Kijana, AutoCAD ilitoka Desemba 1982, wakati wa kompyuta ambazo hazijaijua Windows. Tuliitumia kwenye DOS, unaandika amri, skrini nyeusi. Ni Release 14 ya 1997 ndiyo iliyoachana na DOS moja kwa moja. Hayo ya leseni uko sahihi, na hapo ndipo mimi nilipokata tamaa nao.

#38 Kichwa Ngumu

Mzee umekuwepo tangu Nuhu 😂 Hoja yangu haijabadilika lakini.

#39 Nondo12

Hoja ya Kichwa Ngumu ina nusu ya ukweli. Mwaka 2020 kundi la makampuni ya wasanifu wa Uingereza, Zaha Hadid Architects wakiwemo, waliandika barua ya wazi kwa Autodesk, wenye AutoCAD na Revit, wakilalamika bei ya Revit inapanda na maendeleo yake hayaonekani. Autodesk wakajibu hadharani. Hao ni wateja wakubwa wanaolipa kweli, si sisi. Kama wale walibidi waandike barua ya wazi, mchoraji mmoja wa Tegeta atasikika kwa njia ipi?

Lakini angalia pia upande wa programu za bure, ambako hakuna anayetafuta faida. LibreCAD mpaka leo ni ya pande mbili tu na inasumbuka na DWG mpya. Hapo utasema ni ulafi wa nani? Ni mikono michache. Watu wanajitolea baada ya kazi zao.

#40 Chuma Chakavu

Na mfumo wa DWG wenyewe ni wa siri, tusisahau. Wengine wanaufungua kwa kuuchokonoa kutoka nje. Kuna muungano mzima, Open DWG Alliance, uliundwa 1998 kwa kazi hiyo, siku hizi unaitwa Open Design Alliance. Wenye programu nyingi unazozijua wanachukulia humo.

#41 mwanachuo_27

Mimi naona sababu ni sisi. Watengenezaji wana kurasa za mapendekezo, unaweka wazo, watu wanalipigia kura. FreeCAD wana ukurasa GitHub ambapo kila mtu anaruhusiwa kufungua kesi, yaani kuripoti kosa. Humu kuna mtu amewahi kufungua hata moja? Tunalalamikia humu kwa Kiswahili, na wao hawasomi humu.

#42 Kenchi na Bati

Nilifungua. Wakanijibu nitume faili na hatua za kulifikia kosa. Faili lenyewe lilikuwa nyumba ya mtu mkubwa, ningelitumaje? Kesi ikafungwa.

#43 Binti Zege

Ungechora boksi jipya lenye kosa hilohilo ukatuma hilo.

#44 Kenchi na Bati

Kwenye boksi jipya kosa halitokei. Ndiyo shida yenyewe.

#45 Mwanakijiji wa Kitengela

@mwanachuo_27 na kura nazo ni hivyo hivyo. Nikiomba eka na futi kwa pamoja, nani Marekani au Ujerumani atanipigia kura? Wao wana mfumo mmoja wakimaliza wamemaliza. Waliopigiwa kura wakashinda ni wale waliotaka skrini nyeusi kwenye Revit. Wameipata, toleo la 2024. Sasa macho yametulia, ukuta bado unajiunga vibaya.

#46 Bin Shangani

😂 Hiyo skrini nyeusi naitumia, usiiseme vibaya bwana.

#47 Kenchi na Bati

Langu sijaliweka. Maktaba. Ukifungua programu unapewa viti vya ofisi vya Ulaya, miti inayopukutisha majani, na gari la usukani wa kushoto. Nani anajenga hivyo huku? Nataka nikifungua nikute tofali la inchi 6 na la inchi 5, dirisha la alumini lenye grili ndani na wavu wa mbu, kenchi za mbao za 2 kwa 4 zikiwa zimeshapangwa kwa nafasi, bati la mgongo mpana na kofia yake, karo la nje, shimo la maji taka na chemba zake. Nondo ijue inauzwa kwa mita 12, ili nikikata vipande iniambie kitakachobaki mabaki.

#48 Nondo12

Hilo la nondo nalipigia kura kwa mikono miwili. Ila hilo la maktaba hawawezi kutufanyia, tufanye wenyewe.

#49 Kenchi na Bati

Mimi ninazo kenchi nimezichora kwa vipimo halisi, na blocks (vipande tayari vya kupachika) zake za kunyumbulika, unavuta upana wa nyumba nguzo za kati zinaongezeka zenyewe.

#50 kiti_cha_mbele

Mkuu nitumie PM tafadhali.

#51 MchoraRamani_T

Weka hapahapa wote tuone, PM za nini.

#52 Mzee wa Rotring

Niongeze moja ambalo vijana mtacheka. Mwaka 1963 Ivan Sutherland pale MIT alionyesha Sketchpad. Unachora kwa kalamu ya mwanga juu ya skrini, unaiambia mistari hii miwili iwe sambamba, ikawa sambamba, ukivuta mmoja na mwingine unafuata. AutoCAD ilipata masharti ya namna hiyo kwenye toleo la 2010. Hesabuni wenyewe miaka. Kwa hiyo mtu akisema jambo fulani ni gumu kitaalamu, mimi sishtuki upesi.

#53 Nondo12

Mzee, tofauti ni kwamba Sketchpad ilikuwa na kompyuta nzima ya maabara inayomtumikia mtu mmoja. Kompyuta za meza za miaka ya 80 zisingeweza.

#54 Mzee wa Rotring

Za miaka ya 80, sawa. Za 2000 je? Na washindani wao walikuwa nayo tayari, SolidWorks ilitoka 1995 ikiwa na masharti hayo.

#55 Kichwa Ngumu

Nimerudi kusema soko. Soko, soko, soko.

#56 Binti Zege

Kama ni soko basi washindani wapo. BricsCAD ya Wabelgiji inauza leseni ya kudumu na inafungua DWG, amri ni zilezile. Kwa nini ofisi zetu hazihami?

#57 MchoraRamani_T

Kwa sababu kila tangazo la kazi linaandika "awe anajua AutoCAD".

#58 Bin Shangani

Na mteja anaandika kwenye mkataba toleo gani la faili anataka.

#59 Kichwa Ngumu

Na kwa sababu ile ya nyumbani ambayo tumekatazwa kuuliza inapatikana bure kila kona ya mji.

#60 Chuma Chakavu

Wakuu nimepakua 1.0 kwa intaneti ya cybercafe. Nimefungua ile fremu ya mashine ya zamani, miguu bado iko ubavuni.

#61 mwanachuo_27

Kwa faili la zamani lazima uliambie lihesabu upya, na viungo vilivyokwisha kuvunjika havijirudishi. Igandishe miguu upya kwenye uso wa chini, halafu ongeza tundu jingine uone kama inahama.

#62 Chuma Chakavu

Nimeigandisha. Nimeongeza tundu. Haijahama. Nimeongeza la pili, haijahama. Nimelainisha kona, programu imejifunga.

#63 Nondo12

Open CASCADE hiyo. Niliwaambia.

#64 mwanachuo_27

Au RAM. Una GB ngapi?

#65 Chuma Chakavu

4.

#66 Kenchi na Bati

Nimepandisha faili la kenchi. Liko kwa mfumo wa 2013 ili kila mtu alifungue. Nimechora kwa milimita.

#67 MchoraRamani_T

@Kenchi na Bati na INSUNITS umeweka ngapi?

#68 Kenchi na Bati

Ngoja niangalie.